Kovu la Upande wa Mlima

Miaka tisa nilikaa katika nyumba ya mavyaa wangu nikingoja yangu, na aliyewahi kukaa ukweni hahitaji kuelezwa miaka tisa ni mingi kiasi gani. Chai yake ina namna yake ya kumiminwa. Mkate wake una namna yake ya kuwekwa mezani, na ukiugeuza kifudifudi utasemwa mpaka masika yajayo. Batmakan, ndilo jina lake, hakuwa mtu mbaya. Shida yake alikuwa kila mahali. Nikienda zizini yupo, nikifungua kabati yupo, nikijificha nyuma ya nyumba nilie kidogo, namkuta ameshafika na ndoo yake.

Kwetu nyumba ya wazazi hurithiwa na mtoto wa kiume wa mwisho. Mume wangu, Kubat, ni mkubwa, na mdogo wake alikuwa aoe baada ya mavuno. Kwa hiyo kabla bibi harusi hajaingia ilibidi sisi tutoke. Ofisi ya kijiji ikatupa kiwanja kwenye mdomo wa korongo, tambarare kama sinia, na mti mmoja mkubwa wa archa pembeni. Archa ni ndugu wa mtarakwa, una harufu ileile. Nilikipenda kiwanja kile hadi nikawa nakwenda kukitazama peke yangu, nikisingizia kutafuta ndama. Mahali pa dirisha la jikoni nilishapachagua: popote lisipoelekea kwa Batmakan.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mwezi wa Juni, shule ikikaribia kufungwa, likabandikwa tangazo ukutani: wiki moja ya mafunzo ya pete za miti, katika msitu ulio juu ya kijiji chetu. Hakuna ada. Anakaribishwa mwanafunzi, mwalimu, mlinzi wa misitu, hata mchungaji. Vifaa vinaazimwa kama vitabu. Nililisoma mara mbili, na miguu ikaanza kuniwasha.

"Unakwenda kuhesabu miti?" Batmakan aliniuliza. "Na ng'ombe atajikamua mwenyewe?"

"Si kuhesabu miti, Apa," nilimjibu, maana Apa kwetu ni mama. "Ni kuhesabu pete zilizo ndani ya mti."

"Alaa! Kumbe za nje mmeshamaliza!"

Lakini aliniachia. Asubuhi ya kuondoka nilikuta mkoba wangu umejazwa jibini kavu na mkate, na mkate umewekwa kifudifudi chini, yaani vibaya, na yeye mwenyewe hakugundua. Nikacheka njia nzima.

Mwalimu wetu aliitwa Damira, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia farasi, aliyetoka maabara ya Bishkeki, mji wetu mkuu. Sote tulimwita Damira eje, kwa kuwa alikuwa dada mkubwa kwetu. Alitufundisha kuzungusha kekee ya mkono yenye tundu katikati, ikaingia kwenye shina taratibu, na tulipoichomoa ndani yake mlikuwa na kijiti chembamba cha mti, kutoka gome mpaka moyo. Unakigandisha kwenye kibao, unakipiga msasa, na miaka yote inatokea. Pete nene ni mwaka wa mvua. Pete nyembamba ni mwaka wa ukame, na kwa archa wetu wa mlimani, mwaka mbaya sana haupatikani kabisa, mti umeuruka.

"Ndiyo maana hatuhesabu tu," alisema. "Tunalinganisha. Mti mmoja usiniletee mimi. Mti mmoja una mambo yake ya nyumbani. Niletee kumi, nione inakubaliana wapi."

Kisha akatuonyesha kitu kilichonifanya nikose usingizi kwa furaha. Vipimo vya miti ya mlima wetu, miti iliyopimwa zamani na watu wa mbali, vilikuwa vimewekwa mtandaoni, wazi, bila malipo, wala huulizwi wewe ni binti wa nani. Unafungua kwa simu, unakiweka kijiti chako kando, unaona mwaka wako uko wapi. Mlima wangu mwenyewe, mimi nakamua ng'ombe chini yake, na historia yake iko kwenye simu yangu!

Laiti tungeishia hapo. Siku ya tano Damira eje alitupeleka kwenye korongo la upande wa pili, akatuonyesha makovu. Mvua kubwa ikinyesha juu, alisema, korongo huteremsha tope na mawe. Jiwe linaligonga shina upande unaotazama mlima, chini karibu na mizizi, gome linachubuka, na mti unaanza kulifunika jeraha kidogo kidogo kila mwaka. Ukitoboa pale unapojifunika, unapata mwaka wa tope.

Wenzangu waliuliza maswali. Mimi sikusikia hata moja. Nilikuwa nimeuona archa wa kiwanja changu, makovu yake yote, mbele ya macho yangu.

Kijiji chetu si cha zamani. Wazee wetu walihamishiwa hapa na shamba la ujamaa miaka ya sabini, kutoka bonde jingine, kwa malori. Hakuna mtu mwenye babu aliyelijua korongo lile. Niliporudi nyumbani na kekee ya kuazima mkobani, sikutulia. Nikitandika kitanda nasimama, nikimimina chai inafurika. Mwisho nikaenda kiwanjani, nikautoboa ule archa kando ya kila kovu, nikapiga msasa, nikalinganisha na vipimo vya kwenye simu. Ilikuwa 1984, 1991, 2006. Na kulikuwa na moja la chini kabisa, limefunikwa karibu lote: 1966.

Mafuriko manne! Nilikaa juu ya rundo la mawe ya msingi wetu. Halafu, niseme kweli, nikakasirika na ule mti. Ungenyamaza ungepungukiwa nini?

Ujima wa kujenga msingi ulikuwa Jumamosi, yaani keshokutwa yake. Nikamwambia Kubat.

"Tattygül," alisema polepole, kama mtu anayezungumza na farasi aliyeshtuka, "kondoo amefungwa. Saruji imefika. Kijiji kizima kinakuja."

"Waambie wasije."

"Niwaambie nini? Mke wangu amesoma wiki moja?"

"Makovu yapo, Kubat. Kayatazame."

"Hata mimi nina makovu. Sikuzolewa na mafuriko, nilianguka kwenye punda." Akageukia ukutani, na nilijua hajalala kwa sababu hakukoroma.

Jumamosi wanaume walifika na majembe, wanawake na masufuria. Kwetu mke wa mwana hapazi sauti mbele ya wazee wa mumewe. Mimi nilipaza. Nilisimama kando ya archa, vijiti vyangu mkononi, nikaanza kuwaambia, tope, mawe, miaka, sauti ikinipanda mpaka nikajichukia. Mtu akacheka. Mwingine akauliza kama kijiti kinasema pia bei ya kondoo itakuwaje. Kubat aliangalia viatu vyake.

Ndipo Batmakan akapenya katikati ya watu, akapangusa mikono kwenye aproni, akaukaribia mti.

"Umesema miaka gani?"

"Themanini na nne, Apa. Hili hapa."

Aliligusa lile kovu kwa kiganja. "Hili nimelikata mimi. Binti yangu Jyrgal alikuwa na homa. Nilichuna gome kubwa nimfukizie moshi, nikafukiza siku nzima, na hakupona." Akasogea. "Na hili?"

"Tisini na moja."

"Surua ya huyu Kubat. Hili la juu, 2006, wiki aliyougua baba yao. Archa wa karibu ni huu. Nani apande mlimani mtu akiwa anakata roho?" Akanigeukia. "Mafuriko, mwanangu? Mafuriko ni mimi na kisu changu."

Walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya maji. Nami nilisimama pale na aibu yangu, masikio yanawaka. Mwalimu! Kila nyumba kwetu hufukiza moshi wa archa, hata nyumba yangu ya kuzaliwa, na mimi niliyaona majeraha ya kisu nikayaita mawe. Watu wa Bishkeki wangeweza kukosea hivyo. Mimi sikuwa na sababu.

Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa furaha. Nyumba yangu ilikuwa salama! Nikashika sepetu. Nikachanganya zege kama mwanaume, nikala nyama, nikacheka waliponitania. Jioni msingi ulikuwa umekamilika, na mahali pa dirisha langu nilipaashiria kwa jiwe jeupe.

Furaha ile haikufika hata Jumatatu. Nilikuwa nimetaja miaka mitatu mbele ya watu, na Batmakan alijibu mitatu. Ule wa nne sikuutaja. Watu walianza kucheka, nami nikauacha umezwe na kicheko. Sasa ulikuwa unanitembea ndani ya kichwa. Mwaka 1966 hapakuwa na kijiji. Nani alikuwa na kisu? Basi huenda mchungaji mpitaji. Huenda dubu. Mti mmoja una mambo yake ya nyumbani. Nilijiambia hivyo nikifua, nikaendelea kujiambia nikisahihisha mitihani ya kufunga shule, na mmoja nikausahihisha mara mbili na kutoa alama tofauti.

Jumatano nilikuwa zizini nakamua. Batmakan akaja, bila shaka, akasimama nyuma yangu.

"Lile kovu la chini," alisema. "La upande wa mlima."

Mikono yangu ikasimama.

"Si langu. Nililiona siku ile ile. Mtu hachuni gome akiwa amelala kifudifudi."

"Kwa nini hukusema, Apa?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Ng'ombe alitupiga mkia sote wawili. Jibu letu lilikuwa moja. Yeye alitaka mwanawe apate nyumba. Mimi nilitaka kutoka katika ya kwake.

"Mti mmoja hautoshi," nilisema hatimaye. "Inabidi mingine. Miti ambayo hakuna aliyeikata."

"Ipo," alisema.

Niliijua. Juu kidogo ya kiwanja, palepale korongoni, kuna chemchemi ya mazari, mahali petu pa kuombea, na miti ya archa imeizunguka. Matawi yake yamefungwa vitambaa na watu wanaotaka mtoto, au afya, au mume arudi kutoka Urusi. Tuliyakuta matambara ya watu wa kabla yetu, tukaendelea kufunga ya kwetu. Kisu hakiingii pale. Hata tawi lililoanguka haliokotwi kwa kuni, maana atakayelichoma atazika mtu. Kovu lolote la pale si la binadamu.

"Lakini ni mazari, Apa. Siwezi kutoboa mazari."

"Inauma?"

"Nini?"

"Mti. Hiyo kekee yako."

"Kama sindano ya kutoa damu. Tundu linajifunga na utomvu wake."

Akafikiri. "Mimi niliomba watoto pale. Mmoja nilipewa na kunyang'anywa. Mazari ina deni la kunisikiliza. Kalete hicho chuma."

Tulipanda mchana kweupe, kila mtu akituona, yeye mbele na mkongojo, mimi nyuma na mkoba. Alifunga kitambaa cheupe. Alikaa chini, akafungua viganja, akaomba kwa muda mrefu kwa lugha ya kawaida, kama anayemweleza jirani: kwamba huyu ni mke wa mwanangu, ana kiherehere lakini hana ubaya, anataka kuuliza jambo moja. Kisha akainuka na kushika mpini wa kekee pamoja nami. Tuliuzungusha mikono minne. Mti ulilia kidogo, kama mlango mpya.

Makovu yalikuwa pale, chini, yote yakitazama mlima. Sikuyaona miaka yote ile kwa sababu watu wanapokwenda pale wanatazama juu, kwenye vitambaa. Tulitoboa mti mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mabega ya Batmakan yakakataa. Vijiti nilivipeleka kwa Damira eje, nisije nikajidanganya tena, na yeye akavilinganisha mbele yangu bila kuambiwa nilitaka nini. Kama angeniuliza, sijui ningesema nini.

"Sitini na sita," alisema. "Yote. Na kabla yake kuna lingine, ishirini na moja, kwenye ile miwili mizee. Mmeitoa wapi hii? Hii ni kazi nzuri sana."

Nililia. Alidhani ni kwa kusifiwa.

Kubat hakugomba. Ningependa agombe. Alikwenda akakaa juu ya msingi, miguu inaning'inia mahali ambapo sebule ingekuwa. "Mara mbili kwa miaka mia," alisema. "Labda haitakuja mpaka tumekufa."

"Labda."

"Labda ni mwaka kesho."

"Labda."

"Mti wako haujui?"

"Mti unajua ya nyuma tu, Kubat."

Aliyekwenda ofisi ya kijiji kukirudisha kiwanja ni Batmakan. Walimwambia viwanja vimekwisha, tusubiri miaka mingine. Walimwuliza pia kama ni kweli mkwe wake ametoboa mazari. "Nimetoboa mimi," aliwajibu, "na sijasikia mtu amekufa. Nyinyi mngekufa kwa uvivu kwanza." Hayo nilisimuliwa na karani, aliyekuwa bado amenyong'onyea.

Harusi ilikuwa inakaribia. Niliona mbele yangu jiko moja na wanawake watatu, na nikawa natembea uani usiku na mchana kama kuku anayetaka kutaga. Asubuhi moja nikasikia shoka. Nyuma ya nyumba ya Batmakan kulikuwa na bustani ya mitufaha aliyoipanda mwenyewe, na ole wake mtoto aliyevunja tawi. Kubat alikuwa ameshusha mti wa kwanza. Batmakan alikuwa amesimama kando, akimwonyesha wa pili.

"Apa! Unafanya nini?"

"Nyumba itakaa hapa. Ng'ambo ya uzio. Matufaha yananunuliwa sokoni."

Hatua chache kutoka mlangoni kwake! Nilikuwa nimekimbia miaka tisa nikafika kwenye ua wake wa nyuma. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na nilitaka kumbusu mikono, na sikufanya hata moja, nilisimama tu na ndoo.

Batmakan alikaa kwenye gogo, akapangusa uso wa kisiki kwa aproni yake. "Njoo. Soma."

"Apa, sasa hivi?"

"Mazari umeisoma, mti wangu hutaki? Nionyeshe mwaka uliokuja wewe."

Nilipiga magoti. Nilihesabu kutoka kwenye gome kuelekea ndani, nikaurudia, nikaweka ukucha. Pete zote za mti ule zilikuwa nene, za mti uliotunzwa. Pale kwenye ukucha wangu kulikuwa na moja nyembamba kama uzi.

"Huu hapa. Ni mwembamba, Apa. Lazima kulikuwa na ukame."

"Ukame gani? Mwaka ule mvua ilitunyeshea hata siku ya harusi yenu, zulia likaloa." Aliinama karibu, pumzi yake ikanuka chai. Alikitazama kile kiuzi kwa muda. "Sikuumwagilia," alisema. "Sikuumwagilia hata mara moja. Nilikuwa nakufuata wewe. Zizini, kabatini, nyuma ya nyumba. Niliogopa utamchukua mwanangu uondoke naye. Mti niliusahau."

Kubat alishusha shoka, akajifanya anakagua mpini.

"Na unaofuata?" aliuliza Batmakan.

Nikasogeza ukucha. "Mnene."

"Nilikuwa nimekuzoea," alisema, akainuka kwa kushika bega langu. Kisha akamfokea Kubat kwamba jua linapanda na miti haijikati.

Nyumba iliisha kabla ya theluji. Mafuriko hayajaja. Msingi wetu wa zamani bado upo kwenye mdomo wa korongo, watu wanaanikia majani ya ng'ombe juu yake, na wapo wanaonitania nikipita. Mvua ikianza mlimani sikai. Natoka, natazama juu, narudi, natoka tena. Vipimo vya mazari viko mtandaoni pamoja na vile vingine, wazi kwa yeyote, na panapoandikwa waliopima kuna majina mawili. Batmakan hajui kusoma kwenye simu, lakini amenitaka nimwonyeshe jina lake kila mgeni anapokuja.

Dirisha la jikoni linaelekea kwake. Hapakuwa na namna, upande wa pili ni zizi. Asubuhi nikifungua pazia namkuta amesimama upande wake wa uzio na ndoo, akinisubiri niamke ili aniambie kwamba nimechelewa kuamka.